Kinachojirudia kila siku na hakijui kama upo, ni mzimu kweli? Wana Dodoma na wengine karibuni tujadili

MzawaKongwa (mleta uzi)

Wakuu habari za saa hizi.

Kila mtu akisema anasikia hatua za mtu usiku au kaona kivuli kinapita koridoni jibu analopewa ni moja tu, hapo pana mzimu tafuta mtaalamu aje asafishe. Hilo jibu limewagharimu watu mbuzi na hela za ada, na mbaya zaidi limewagharimu majirani, maana mtaalamu akishachukua mbuzi wake lazima aonyeshe "aliyetuma", na anayeonyeshwa huwa ni bibi fulani mjane mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni. Ndio maana nataka tulichambue hili jambo mpaka mwisho.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kitu kinachojirudia vilevile miaka nenda rudi, hakikuoni, hakikusikii, ukikiita hakigeuki, hicho si mzimu. Na sisemi hivi kama mtu asiyeamini, mimi naamini wafu wetu wapo na wana haki zao juu yetu, na ndio kinachoniuma nikiona wanachanganywa na kila kishindo cha darini.

Wazungu wanaofuatilia haya mambo wameshayagawa zamani. Upande mmoja wanaweka mzimu wenye akili, yaani unajua upo, unakujibu, una shida yake. Upande wa pili wanaweka kile wanachokiona ni mabaki tu, tukio la zamani linajicheza lenyewe mahali pale pale, na wewe unalitazama lakini lenyewe halina habari na wewe. Kisa kinachotajwa sana ni cha mji wa York kule Uingereza, 1953, kijana mmoja fundi wa mabomba anaitwa Harry Martindale alikuwa anafanya kazi kwenye chumba cha chini ya nyumba moja ya kale inaitwa Treasurer's House. Akasikia tarumbeta, mara askari wa Kirumi wakatokea ukutani, wachovu, wanatembea, wakakatiza chumba na kuingia ukuta wa pili. Jamaa alianguka kwenye ngazi. Sasa sikilizeni hapa, askari walionekana kuanzia magotini kwenda juu, miguu haikuonekana, mpaka walipofika sehemu iliyokuwa imechimbwa ndio akaiona, kwa sababu barabara ya Warumi ilikuwa chini ya ile sakafu. Hakuna aliyemwangalia hata kwa jicho la pembeni. Shikeni hilo la miguu, nitalirudia.

Maelezo wanayotoa ni kwamba mawe yamerekodi. Wazo lenyewe ni la siku nyingi, Charles Babbage, huyo wanayemhesabu kati ya waasisi wa kompyuta, aliandika 1837 kwamba hewa ni kama maktaba kubwa na kila neno lililowahi kusemwa limebaki humo. Halafu 1961 mwanaakiolojia T. C. Lethbridge akaja na hoja kwamba mizuka ni picha zilizobaki mahali, akazihusisha na unyevu na maji. Krismasi ya 1972 BBC wakarusha mchezo wa televisheni wenye hadithi ya chumba cha mawe kilichohifadhi kilio cha mtu, na tangu hapo watu wakalishika kama sayansi wakati lilikuwa igizo.

Sisi tunaokaa Dodoma tumekalia jiwe. Milima hii mnayoiona kuanzia Mlimwa kwenda mbele, na yale mawe makubwa yaliyopandana, ni graniti yenye umri wa takriban miaka bilioni 2.5 na zaidi, na kwatzi, ambayo ndio wanaisema inarekodi, ni moja ya madini yake makuu. Kama jiwe lingekuwa linarekodi basi hapa kusingelalika wakuu. Karne ya 19 misafara yote ya pembe na watumwa kutoka Ujiji na Tabora kwenda Bagamoyo ilikatiza Ugogo, wapagazi mamia kwa mamia, minyororo, watu wanakufa kwa kiu njiani, viongozi wa misafara wanabishana na watemi juu ya hongo (ushuru wa kupita) siku nzima. Hayo yote yalitokea juu ya haya haya mawe. Mbona hatuyasikii? Mbona jiwe lichague kurekodi hatua za mtu mmoja verandani kwako tu?

Nyumba niliyokulia mimi ni ya enzi za mradi wa karanga wa Waingereza pale Kongwa, ule ulioanza 1947 ukafa 1951. Kila magharibi hatua zilipita, ko, ko, ko, kuanzia upande wa jikoni mpaka mwisho wa veranda. Wapo waliosema ni mzungu wa karanga, wapo waliosema ni mpigania uhuru, kwa sababu kuanzia 1964 Kongwa kulikuwa na kambi ya vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, FRELIMO, ANC, SWAPO na wengine na wapo waliofia pale wakazikwa. Mtaalamu akaletwa, akala alichokula, akamtaja mama mmoja jirani yetu ambaye ndiye aliyekuwa anatupa maziwa. Yule mama alihama. Nikikumbuka hilo moyo unaniuma mpaka leo.

Bibi yangu alikuja kutoka kijijini akauliza kitu kimoja tu, amewasalimia? Tukasema hapana. Amemwita mtu kwa jina? Hapana. Kuna aliyemuota akiomba kitu, maji, ugali, kaburi lisafishwe? Hapana. Akasema basi huyo hana shida na nyie, nyie ndio mna shida na yeye.

Hicho ndio kipimo cha Wagogo tangu zamani. Mfu wa kwetu anakujia ndotoni na unamjua ni nani, ana kaburi lake karibu na zizi, amekasirika kwa sababu ipo, mmeuza ng'ombe wake bila kumwambia au mmeacha kumkumbuka. Wazee wakienda kutambika kuomba mvua na pombe ya mtama wanawataja kwa majina mmoja mmoja, wanazungumza nao kama mnavyozungumza na mzee aliyekaa pale. Ni ndugu. Kitu kisichokujua hakiwezi kuwa ndugu yako, na kisichokuwa na dai hakihitaji mbuzi.

Na zile hatua ni bati. Jua likizama Kongwa baridi inashuka haraka, bati linapoa linasinyaa, misumari inalia juu ya papi moja baada ya nyingine, na upande unaopoteza jua mapema ndio unaanza kwa hiyo sauti inatembea kama mtu. Siku za mawingu mazito hazikupita hatua. Karibuni.

mama_wawili

Kaka asante kwa uzi, mimi nimepanga Nkuhungu huu ni mwezi wa pili, usiku nasikia kama mtu ananong'ona na juzi nimeona kama mtu kasimama mlangoni, kichwa kinauma asubuhi balaa na mtoto mdogo analia sana usiku. Mwenye nyumba anasema tuchange tulete mtu. Nimeanza kuogopa naomba msaada wenu.

ReliYaKati

Mkuu MzawaKongwa nimekuelewa ila mimi nina langu. Naishi Kikombo. Zipo usiku nasikia treni inapiga honi na mabehewa yanagonga kabisa, natoka nje naangalia reli, hakuna kitu, asubuhi nauliza wanasema hakuna treni iliyopita kwetu muda huo. Na mnajua hii njia ya kuelekea Igandu ina historia gani, tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko ikagonga treni ya mizigo, watu 281 wakafa. Wazee huku wakisikia hiyo honi wanasema ni wale. Hiyo nayo ni bati?

MzawaKongwa

Dada mama_wawili usichange hela yoyote kwanza, subiri kuna watu wa afya humu watakujibu vizuri zaidi yangu.

ReliYaKati, hapana siyo bati, na naomba hili tuliongee kwa heshima maana humu kuna waliopoteza wazazi wao siku ile. Usiku wa kiangazi huku kwetu mbingu haina wingu, ardhi inapoa haraka kuliko hewa ya juu, kwa hiyo hewa baridi inalala chini na ya joto inakaa juu yake. Sauti ikipanda inapinda inarudi chini badala ya kupotea angani, ndio maana usiku unasikia muziki wa sherehe ya kijiji cha mbali ambao mchana hata ukitega sikio hupati. Treni iliyo mbali sana na wewe unaisikia kama iko nyuma ya nyumba, unatoka, reli tupu. Haijapita kwenu kwa sababu imesimama au imepishana stesheni nyingine. Tena sasa hivi kuna njia mbili, ile ya mita moja ya Wajerumani na hii ya umeme iliyoanza kubeba abiria mpaka Dodoma 2024.

Lakini hata ukiniambia hilo si jibu, mimi bado nakataa kuwaita wale 281 eti ni sauti ya honi. Wale ni watu. Kila mmoja ana mama, ana watoto, ana kaburi. Akitaka kuja anajua nyumbani kwake ni wapi, hana sababu ya kukaa kwenye mteremko anarudia kufa kila usiku ili wewe na mimi tusimulie. Tukisema wamekuwa marudio tumewanyang'anya utu wao.

ReliYaKati

Hilo la mwisho limenigusa mkuu. Nakubaliana na wewe hapo.

FundiMuziki

Naingia kama mtu wa saundi. Hii habari ya jiwe kurekodi inanikera kwa sababu watu hawajui kurekodi ni kazi. Kanda ya kaseti ina unga wa chuma, sauti inageuzwa kuwa umeme, umeme unaingia kwenye hedi, hedi inaupanga ule unga kwa mpangilio, na ili usikie tena lazima kanda ipite kwenye hedi kwa spidi ile ile na pawe na amplifaya na spika. Haya sasa kwenye jiwe hedi iko wapi? Motori iko wapi? Nani anabonyeza plei? Kwatzi inatoa umeme kidogo ukiibana, hilo kweli, ndio maana iko kwenye saa, lakini kutoa umeme ukibanwa siyo kutunza kumbukumbu. Na sauti ya mtu anayeongea ina nguvu ndogo mno, haiwezi hata kupasha moto ncha ya sindano, ije iandike kwenye graniti?

Ila kuna kitu kinaitwa sauti usiyoisikia. Sikio la binadamu linaanzia kama mitikisiko 20 kwa sekunde, chini ya hapo husikii lakini mwili unaipata. Injinia wa Uingereza Vic Tandy alikuwa anafanya kazi kwenye maabara moja iliyosemekana ina mzuka, akawa anatoka jasho la baridi, anaona kitu cha kijivu kwa pembeni ya jicho, akigeuka hakipo. Kesho yake akabana upanga wake wa michezo kwenye vaisi, akaona ncha inatetemeka yenyewe. Akafuatilia mpaka akakuta feni mpya ya kutoa hewa inatoa mtikisiko wa kama 19 kwa sekunde na ule urefu wa chumba unaukuza. Feni ikazimwa kila kitu kikaisha. Alichapisha 1998. Sasa angalieni majenereta, mashine za kusaga, mafeni makubwa mjini, halafu muangalie ni nyumba ngapi zinalalamika.

ZamuYaUsiku

Habari, mimi ni nesi. mama_wawili nakuuliza swali moja tafadhali jibu haraka, usiku unaweka jiko la mkaa ndani?

mama_wawili

Ndiyo dada, baridi ya huku na mtoto mdogo, naliweka kona ya chumba likishashika vizuri halina moshi, na dirisha nafunga kwa ajili ya mbu.

ZamuYaUsiku

Litoe leo. Sasa hivi kama limo. Fungua dirisha na mlango, mchukue mtoto mtoke nje mpate hewa, kisha muende mkapimwe wote wawili hospitali, usisubiri kesho, na ukifika waambie umelala na jiko la mkaa.

Mkaa ukishika unakuwa hauna moshi lakini unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, inakamata damu nafasi ya oksijeni. Kichwa kuuma asubuhi ndio dalili yake kubwa, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, na ndiyo, kuona na kusikia vitu. Kuna ripoti maarufu ya 1921 kwenye jarida la madaktari wa macho Marekani, familia ilihamia nyumba ya zamani wakaanza kusikia hatua, kuona watu, watoto wakawa wamepauka na wachovu, mimea ikafa. Kumbe tanuru la kupasha joto nyumba lilikuwa bovu linamwaga hiyo gesi ndani. Likatengenezwa, "mizuka" ikaondoka. Wakuu kila Juni na Julai tunapoteza familia nzima kwa hili jambo na msibani watu wananong'ona eti wamerogwa. Mnisamehe nikiwa mkali, nimeshashika watoto wa namna hiyo mikononi.

MrangiHalisi

Nikiwa mtu wa Kondoa niongeze kidogo. Pale Kolo kuna michoro ya miambani, UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia 2006, Mary Leakey aliinakili 1951, mingine ina umri wa zaidi ya miaka elfu mbili. Ukisimama pale unaona watu, wembamba, warefu, vichwa vikubwa kama wamefunga nywele, na wanyama. Waliochora wamekufa, waliochorwa wamekufa, na bado wapo hapo hapo mwambani wanafanya kile kile walichokuwa wanafanya. Hakuna Mrangi anayesema ile michoro ni mizimu.

Lakini Mungumi, hapo hapo Kolo, wazee wanaenda kutambika, kuomba mvua, kuombea wagonjwa, na pombe inamwagwa. Wanaoombwa hawaonekani, wala hakuna anayetegemea kuwaona. Kwa hiyo kwetu unaowaona wala hawakujui ni picha, na usiowaona ila wanakujua ndio wenyewe. Nakubaliana na mleta uzi kwa asilimia kubwa, ila nasema kuonekana kabisa kusiwe kipimo hata kidogo. Watu wakiona kivuli wanakimbia, wakati mwenye nguvu ni yule ambaye hajawahi kuonekana.

Nyikani

Wote mnaenda vizuri ila mleta uzi kipimo chako cha salamu kina tundu. Babu yangu alipozeeka sana akili ilimtoka, alikuwa anarudia sentensi moja kutwa nzima, "fungueni ng'ombe, fungueni ng'ombe", ukimsalimia hajibu, haoni kama upo, anatembea kutoka kitandani mpaka mlangoni anarudi. Kwa kipimo cha bibi yako babu yangu hakuwa mtu. Sasa kwa nini mfu naye asiwe amechanganyikiwa? Na wale wapigania uhuru waliozikwa Kongwa mbali na kwao, lugha ya Kigogo hawaijui, ndugu hawapo, watamsalimia nani? Labda kutembea verandani ndio dai lao lenyewe.

MzawaKongwa

Nyikani hili ndio swali nililokuwa nalisubiri na ni zito. Pole kwa babu.

Babu yako hakukujibu salamu lakini dunia ilikuwa inamgusa. Ukimpa maji anakunywa. Ukiweka stuli njiani ataikwepa au atajikwaa, atalia, mtamwinua. Baridi ikija anatetemeka. Mlango ukifungwa anauparamia. Huyo ni mtu mzima kabisa, amepoteza maneno tu. Bibi alivyouliza kuhusu salamu sidhani alikuwa anatafuta adabu, alikuwa anaangalia kama kuna chochote kinachopita kati yetu na yule.

Sasa mrudie Martindale na wale askari wake. Miguu haikuonekana kwa sababu walikuwa wanatembea kwenye barabara ya chini, ile iliyofukiwa. Sakafu ilishapanda, nyumba ilishajengwa, kuta zimesimama katikati ya njia yao, na wao bado wanakanyaga kile kilichokuwepo enzi zao. Hakuna mtu, hata aliyechanganyikiwa vipi, anayeweza kukanyaga sakafu ambayo haipo na kupita kwenye ukuta uliopo. Kitu ambacho dunia ikibadilika chenyewe hakibadiliki, hakijikwai, hakichoki, hakizungukii, hicho hakiko na sisi hata kidogo. Nikubali Martindale aliona alichoona, sina sababu ya kumwita mwongo, ila alichoona hakikuwa wafu waliokuja York 1953. Waliokufa ni watu, na mtu anaguswa.

Kuhusu wapigania uhuru wetu, naamini mgeni aliyefia mbali anaweza kuwa na dai kubwa kuliko mwenyeji. Basi tufanye wanachostahili, makaburi yafagiliwe, majina yasomwe, vijana wa Kongwa wajue ni nani amelala pale na alitoka nchi gani. Hilo tunalifanya mchana na kwa makaburi yao. Hatulifanyi kwa kuchinja mbuzi verandani na kumsingizia mama anayetugawia maziwa. Na lugha haimzuii mfu, ndotoni watu huelewana.

Nyikani

La kuguswa nimelichukua, ni bora kuliko la salamu. Bado nina mashaka na majini, hao wanaguswa na si wafu, ila huo ni uzi mwingine.

mama_wawili

Wapendwa tumerudi kutoka hospitali. Walituwekea oksijeni wote wawili, mtoto amelala vizuri mara ya kwanza tangu tuhamie. Daktari alisema vilevile kama dada ZamuYaUsiku. Jiko liko nje, dirisha tumeweka wavu. Nimemwambia mwenye nyumba mchango sitoi, amenuna. Wapangaji wenzangu wawili nao wanalaza jiko ndani, nifanyeje wanielewe maana wanasema mimi ndio nimeleta mzimu?

ZamuYaUsiku

Mungu ni mwema mama. Usibishane nao kuhusu mzimu, waulize tu kama kichwa huwauma asubuhi na kinapona wakitoka nje. Wakisema ndiyo waambie ulichoambiwa hospitali, na uwaonyeshe cheti chako. Wenye watoto waanze leo usiku kulitoa jiko nje. Mimi niko zamu wakitaka kuja.

MzawaKongwa

Na akitajwa mtu yeyote hapo mtaani kuwa ndiye anatuma, mama_wawili njoo uandike humu haraka kabla hawajaenda mlangoni kwake, au nenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa.